Kunio Amekwenda Wapi? Historia ya Mchezo Uliotafsiriwa Bila Maneno

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuamini kwamba tafsiri ni kazi ya maneno. Mfasiri anakaa mezani na matini yake, anatoka jasho, kisha sisi wahakiki tunakuja nyuma na kalamu nyekundu kuulizia kwa nini neno hili limekuwa lile. Katika makala haya nataka kuzungumzia tafsiri ya namna nyingine, tafsiri ya kazi ambayo karibu haina maneno. Ni mchezo wa video wa mwaka 1986, wa zile mashine za ukumbini zinazokula sarafu. Ulitungwa Japani kwa jina la Nekketsu Kōha Kunio-kun, ukauzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Renegade, yaani Muasi. Vitufe ni vile vile na ngumi ni zile zile. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba hizo ni hadithi mbili tofauti, na kwamba ile ya pili, ile tafsiri, ndiyo iliyourithisha sura yake ukoo mkubwa wa michezo ya ngumi za mitaani uliofuata.

Najua wapo watakaoguna. Eti ngumi za kwenye mashine nazo ni fasihi? Ndugu zangu, swali hilo lilikwisha kuulizwa kuhusu riwaya za upelelezi za akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, zikabandikwa jina la fasihi pendwa kwa sauti ya dharau, na bado zikasomwa na kuhakikiwa. Sina haja ya kuurudia mjadala huo. Kazi yenye wahusika, mandhari, mgogoro na suluhisho inahakikika. Basi na tuihakiki.

Kabla ya Kunio

Ili tuuone upya wa Kunio, ni lazima kwanza tuone alikuta nini. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ilitoa Donkey Kong, ambamo sokwe amembeba mwanamke na fundi anapanda ngazi kumfuata. Mwaka 1984 kampuni ya Irem ilitoa Kung-Fu Master, ambao Japani uliitwa Spartan X kwa sababu ulifungamanishwa na filamu ya Jackie Chan iliyoonyeshwa huko kwa jina hilo. Humo jamaa aitwaye Thomas anapanda ghorofa tano za jengo moja ili kumkomboa mpenzi wake Sylvia. Maadui wanamjia kutoka kushoto na kulia kwenye mstari mmoja, na wengi wao wanaanguka kwa pigo moja tu, kama mabua.

Kwa hiyo, kufikia katikati ya miaka ya 1980, kisa cha mwanamke aliyeibwa kilikuwa kwenye mashine hizi kama ilivyo "Paukwa! Pakawa!" kwenye ngano zetu. Kikitajwa tu, kila mtu anajua tumefika wapi. Kilikuwa pia na faida ya kibiashara. Mtu aliyekwisha kutia sarafu hana muda wa kusomewa utangulizi. Anahitaji kupewa sababu ya kupigana ndani ya sekunde chache, na mwanamke anayebebwa begani ni sababu isiyohitaji hata sentensi moja.

Kunio ni nani?

Technos Japan ilikuwa kampuni ndogo ya Tokyo iliyoanzishwa mwaka 1981. Mtunzi wake, Yoshihisa Kishimoto, alitokea kampuni ya Data East, ambako alikuwa ametengeneza Cobra Command (1984) na Road Blaster (1985), michezo iliyoendeshwa kwa filamu za katuni zilizohifadhiwa kwenye sahani za leza. Alipohamia Technos alitunga kitu kilichomhusu mwenyewe. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye ameeleza kwamba chimbuko la mchezo huu ni maisha yake ya sekondari. Msichana alimwacha, naye akaishia kwenye magomvi. Juu ya hayo akaongeza mapenzi yake kwa filamu za Bruce Lee. Jina la shujaa alilichukua kwa rais wa kampuni, Kunio Taki.

Jina la mchezo nalo linasema mengi. Nekketsu ni damu inayochemka, na pia ndilo jina la shule ya Kunio. Kōha ni kijana mgumu, asiyejua kubembeleza. Hiyo -kun inayofuatia jina ni namna Wajapani wanavyomwita kijana waliyemzoea. Kwa hiyo hata kabla sarafu haijaingia, jina lenyewe limekwisha kutuambia kwamba shujaa huyu ni mtoto wa shule, na kwamba yupo anayemwita kwa upole.

Anayemwita hivyo ni rafiki yake, Hiroshi. Kila hatua ya mchezo huanza kwa Hiroshi kupigwa mbele ya lango la shule. Kunio anatoka mbio, anawafuata waliompiga, na vita vinaanzia hapo. Hatua ya kwanza iko kwenye jukwaa la stesheni ya treni, ambapo maadui ni wanafunzi wa shule jirani wakiongozwa na Riki. Ya pili iko bandarini, kwa genge la pikipiki la Shinji. Ya tatu iko kwenye vichochoro vya mjini, kwa genge la wasichana la Misuzu, dada mwenye mwili wa mpiga mieleka. Hatua ya nne ni kwa yakuza, yaani majambazi wakubwa wa Japani, wakiongozwa na Sabu. Huko watu wanabeba visu, na Sabu mwenyewe ana bastola. Risasi moja, kwaheri.

Tazama, msomaji, ngazi hiyo inavyopanda. Inaanza na sare za shule, inapita kwa pikipiki, inaishia kwenye bastola. Mimi naisoma kama ramani ya kuporomoka. Kila Kunio anapomlipizia rafiki yake kisasi, anakwenda mbali zaidi na lango la shule na karibu zaidi na watu ambao hawana tena shule ya kurudi. Hili halikuwa jambo la kubuniwa hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magomvi ya shuleni yalikuwa mjadala mkubwa Japani, na hadithi za katuni kuhusu wanafunzi watukutu, kama vile Be-Bop High School iliyoanza kuchapishwa mwaka 1983 na kufanywa filamu mwaka 1985, zilikuwa zikisomwa sana. Mchezaji wa Osaka au Tokyo aliwatambua watu hawa. Pengine alikaa nao dawati moja.

Fani nayo inashirikiana na maudhui. Mashine ina vitufe vitatu, na katikati yake ni cha kuruka. Viwili vilivyobaki havikugawanywa kuwa cha ngumi na cha teke, kama tulivyozoea baadaye. Kimoja ni cha kupiga upande wa kushoto na kingine upande wa kulia. Ukielekea kulia na adui akakunyemelea kutoka kushoto, unabonyeza cha kushoto, na Kunio anarusha teke la nyuma bila kugeuka. Maana yake ni kwamba mchezaji anafikiri muda wote juu ya aliye nyuma yake. Aidha, uwanja una kina, unaweza kupanda na kushuka, hivyo maadui wanaweza kukuzingira. Na hawaanguki kwa pigo moja. Inakubidi umkamate mtu shati, umpige goti, umwangushe, umkalie, umtwange. Thomas wa Kung-Fu Master aliwafagia watu asiowajua. Kunio anapigana na mtu ambaye sura yake anaiona.

Sare ilipovuliwa

Kampuni ya Taito ndiyo iliyoupeleka mchezo huu nje, katika mwaka ule ule wa 1986. Kulikuwa na wasiwasi kwamba mchezaji wa Marekani asingemwelewa mvulana wa Kijapani mwenye sare nyeupe ya shule. Basi sare ikavuliwa. Jina la Kunio likafutwa. Wanafunzi wa hatua ya kwanza wakawa wahuni wa stesheni ya chini ya ardhi, na yakuza wakawa majambazi wa mjini wasio na nchi. Hiroshi akaondolewa kabisa, na mahali pake akawekwa mpenzi wa kike anayehitaji kukombolewa.

Mji mpya ulichukuliwa wapi? Kishimoto amesema waliangalia filamu ya The Warriors, iliyoongozwa na Walter Hill mwaka 1979. Hapa mwanafunzi wa fasihi lazima atege sikio, kwa sababu filamu hiyo inatokana na riwaya ya Sol Yurick ya mwaka 1965, na Yurick naye alijenga riwaya yake juu ya Anabasis, kitabu cha Mgiriki Xenophon kuhusu askari wa kukodiwa waliokwama katika nchi ya Waajemi na kulazimika kupigana njia nzima ya kurudi kwao. Xenophon, Yurick, Hill, Kishimoto. New York ya Renegade ni mji uliopita mikono minne, na haikuwa lazima hata mmoja wa mikono hiyo ushike nguzo ya stesheni halisi.

La kushangaza ni kwamba hata The Warriors haina mwanamke wa kukombolewa. Vijana wa filamu ile wametoka Coney Island, wamekwama Bronx usiku, na wanachotaka ni kufika nyumbani tu, kama Wagiriki wale. Watafsiri wa Kunio waliazima kuta na mavazi ya filamu, wakaiacha sababu yake. Sababu waliichukua kwenye rafu ile ya zamani, ya sokwe na mwanamke.

Hapa ndipo ninapokumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akaandika mabepari. Neno moja tu, tena la kwenye jalada, liliihamisha tamthilia nzima kutoka gati la Venice hadi kwenye mjadala wa nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka miwili tu kabla. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi ule, lakini huwezi kusema hauna hoja. Tafsiri ya Renegade ilifanya uhamisho mkubwa kuliko huo, wa shule, rafiki, jina na nchi, na ilifanya hivyo ili kusiwe na hoja yoyote ya kumsumbua mteja.

Kwani kuna tofauti gani, rafiki au mpenzi? Ipo, tena kubwa. Hiroshi anaonekana mwanzoni mwa kila hatua, na kila mara anapigwa upya. Ushindi wa Kunio haujamsaidia. Kumpiga Riki hakukumzuia Shinji. Mchezo wenyewe, pengine bila kukusudia, unaweka shaka juu ya kisasi. Mpenzi aliyetekwa hatoi shaka hiyo. Yeye ni zawadi iliyowekwa mwisho wa barabara, na kila ngumi inamsogeza mchezaji karibu naye. Katika toleo la kwanza vurugu zinazaa vurugu. Katika la pili vurugu ni nauli.

Zaidi ya hapo, mandhari mapya hayakuwa matupu. Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi ya New York, mwanamume Mzungu aitwaye Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne Weusi waliomwomba dola tano. Mmoja wao alipooza. Wapo Wamarekani wengi waliomsifu kama shujaa, na mwaka 1987 mahakama ilimwachia mashtaka ya kujaribu kuua, ikamtia hatiani kwa kumiliki bastola bila kibali. Sisemi kwamba Technos walikuwa na habari hiyo mezani. Ninachosema ni kwamba mwaka 1986 mtu mmoja anayetembeza kipigo kwenye stesheni ya New York alikuwa na maana ambayo mvulana wa Kijapani kwenye stesheni yake hakuwa nayo. Watafsiri walidhani wanabadilisha pazia la nyuma. Kumbe walimbadilisha mtu anayepiga, kutoka mwanafunzi mkorofi kuwa raia anayejichukulia sheria mkononi.

Tafsiri inapozaa

Kama mambo yangeishia hapo, Renegade ingekuwa kisa cha kuchekesha cha biashara. Lakini mwaka 1987 Kishimoto alitunga Double Dragon. Mwanzoni ulifikiriwa kama mwendelezo wa Kunio, ila kampuni ilitaka mchezo wa kuuzika ng'ambo. Kwa hiyo safari hii hapakuwa na sare ya kuvua. Mji wa magenge ulikuwapo tangu mwanzo, na kitu cha kwanza tunachokiona ni mwanamke, Marian, akipigwa ngumi ya tumbo na kubebwa begani. Wachezaji wawili wakifika mwisho pamoja, ndugu hao wawili wanageukiana na kupigana kwa ajili yake. Kile kilichoanza kama masahihisho ya mfasiri kimekuwa sasa msamiati wa mtunzi. Hilo ndilo jambo ninalotaka wenzangu wa kozi za tafsiri walione. Tafsiri inaweza kumrudia mwenye kazi na kumfundisha namna ya kuandika.

Wengine wakafuata njia hiyo. Irem, wale wa Kung-Fu Master, walitoa Vigilante mwaka 1988, na jina lenyewe lina maana ya mtu anayejichukulia sheria mkononi. Mji ni New York, mwanamke aliyetekwa anaitwa Madonna. Mwaka 1989 Capcom ilitoa Final Fight, ambamo aliyetekwa ni binti wa meya. Huo wa mwisho ulivuma sana. Vigilante na Renegade wanakumbukwa na wachache.

Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi. Kampuni ya Ocean ya Manchester, kupitia nembo yake ya Imagine, ilitoa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani mwendelezo uitwao Target: Renegade (1988), kisha Renegade III (1989), ambamo shujaa anamfuata mpenzi wake hadi zama za mawe na Misri ya kale. Nao ulikuwa mwendelezo wa tafsiri, wala Kunio hayumo hata kwa kivuli.

Wakati huo huo Kunio mwenyewe alikuwa nyumbani Japani, hana habari. Mwaka 1987 alicheza mpira wa kulengana. Mwaka 1989, katika Downtown Nekketsu Monogatari, alishirikiana na Riki, adui yake wa stesheni, kwa sababu magomvi ya shule huwa yanaisha namna hiyo. Mwaka 1990 alicheza soka. Kila alipovuka bahari alipewa pasipoti mpya. Soka ile iliuzwa Marekani kama Nintendo World Cup, na Downtown ikawa River City Ransom, Kunio akiitwa Alex na Riki akiitwa Ryan. Mtoto wa Marekani aliweza kucheza na kijana huyu miaka minne mfululizo asijue kwamba ni mtu mmoja.

Na Wamarekani wenyewe?

Swali linalojitokeza ni hili: je, mji wa Marekani ulipoandikwa na Wamarekani wenyewe ulifanana na huo? Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1987 Atari Games ya California ilitoa APB. Mchezaji ni polisi kwenye gari, na kila siku anapewa idadi ya watu wa kukamata: wanaotupa takataka barabarani, wanaoomba lifti, madereva walevi. Asipofikisha idadi anaandikiwa doa, na madoa yakizidi anafukuzwa kazi. Akimkamata mhalifu mkubwa, kazi yake kituoni ni kubonyeza vitufe haraka haraka ili kumtikisa mtuhumiwa mpaka akiri, kabla mkuu wa kituo hajatokea.

Ni kichekesho, lakini ni kichekesho cha mtu anayeujua mji wake. Humo mna wakazi, mna ofisi, mna bosi, mna mshahara unaotegemea kukamata watu. Ukiulizwa kwa nini unafukuzana na huyu, jibu ni kwamba idadi haijatimia. Mtunzi wa APB alimcheka polisi wake jinsi Kishimoto alivyomjua mwanafunzi wake. Kati ya kazi hizo mbili, moja ya Japani na moja ya Marekani, ndipo ulipokaa ule mji wa tatu, wa Renegade na Vigilante, usio na sokoni wala shuleni, ambao wakazi wake wote wamekuja kupigwa.

Hitimisho

Technos Japan ilifilisika mwaka 1996. Baadhi ya wafanyakazi wake walikusanyika katika kampuni iitwayo Million, na mwaka 2015 haki za michezo hiyo zilinunuliwa na Arc System Works. Mwaka 2016 mchezo mmoja wa Kunio uliuzwa Marekani akiwa na jina lake, sare yake na mitaa yake ya Tokyo. Ulikuwa umechukua miaka thelathini. Mwaka 2019 ukatoka River City Girls, uliotengenezwa na WayForward ya California. Humo wasichana wawili wa shule, Misako na Kyoko, ndio wanaoingia mitaani kupigana, na waliotekwa ni wapenzi wao, Kunio na Riki.

Hata hivyo, angalia majina hayo. Ule wa 2016 uliitwa River City: Tokyo Rumble, na wa 2019 River City Girls. River City ni mji uliobuniwa na mfasiri mwaka 1990 ili kuificha Japani. Jina la shujaa limerudi, lakini ili wateja wamtambue imebidi aendelee kutajwa kama mkazi wa mji wa mfasiri.

Tunapohakiki tafsiri tumezoea kuuliza kama maneno ni sahihi. Kisa cha Kunio kinatutaka tuulize pia mhusika amevishwa nini, amesimamishwa mbele ya ukuta gani, na hasa anapigana kwa ajili ya nani. Katika mchezo huu jibu la swali la mwisho lilikuwa Hiroshi. Hakuna neno lake hata moja lililotafsiriwa vibaya. Alitolewa tu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu ng'ambo aliyejua kwamba kuna mtu amekosekana.